Shangazi, PE ya Safaricom ilikuwa 24, ikawa 9, sasa apu moja yasema 16 na nyengine 24, niamini ipi?

Shikamoo shangazi,

Natumai u mzima na watu wa nyumbani hawajambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Mombasa, nauza madera na leso pale Kongowea, na naomba jina langu usilitoe kwa sababu mume wangu pia anakusoma kila wiki.

Shangazi, hili jambo limenikaa rohoni miaka minne sasa. Agosti 2021 zamu yangu ya chama ilifika, nikachukua zile pesa zote nikanunua hisa 2,000 za Safaricom kwa shilingi 41.50 kila moja. Hiyo ni elfu 83 bila ada ya dalali. Kampuni yenyewe haijanikosea kitu, laini yao natumia na M-Pesa yao ndo naendeshea biashara. Aliyenishawishi ni jamaa mmoja tunamheshimu huku mtaani kwa mambo ya soko la hisa, nikamuuliza mbona bei iko juu hivi, akaniambia usiogope mama, PE yake ni 24, kampuni ikiwa na PE kubwa ujue watu wana imani nayo, zile mbovu ndo utaziona na PE za tano tano. Mi nikaitikia tu, PE yenyewe sikuijua ni nini, nikaona haya kuuliza mara ya pili.

Basi ikaanza kushuka. Nikasema itasimama, haikusimama. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu shilingi 14, yaani elfu 83 zangu zimekuwa elfu 28. Nikampigia jamaa yule yule, na unajua alinambia nini? Eti sasa PE imefika 9, ni bei chee, ongeza haraka! Shangazi, mtu yule yule, mdomo ule ule, PE ikiwa juu ninunue na ikiwa chini pia ninunue. Nilikata simu nikakaa nyuma ya meza machozi yananitoka, akaja mteja kauliza dera bei gani, nikamtajia bei niliyonunulia kwa jumla, akalipa akaenda zake, nikashtuka kashafika kwenye matatu.

Sikuongeza na sikuuza, niliziacha tu. Sasa bei imerudi, siku naandika hii barua, mwaka huu wa 2025, iko 28. Juzi usiku watoto wamelala nikapakua apu mbili za kuangalia hisa nikasema leo nitaielewa hii PE mwenyewe. Apu ya kwanza inasema PE ya Safaricom ni 16. Ya pili inasema 24. Bei ile ile 28, kampuni ile ile, usiku ule ule! Na hiyo 24 ndo ile ile nilonunulia mimi, nikaingiwa na baridi kabisa.

Mume wangu anasema uza uondokane na presha. Kaka yangu anasema usiuze mpaka irudi 41.50 ndo utoke na pesa yako. Na mimi binti yangu mkubwa anaingia Gredi 10 Januari, ada, sare, godoro na vitabu nimepiga hesabu si chini ya elfu 25, na sina pa kuzitoa ila hapo.

Naomba shangazi nieleze kama unavyomweleza mtu wa sokoni. Hii PE ni nini hasa, kwa nini inapanda na kushuka hivi na kampuni ni ile ile, ipi ndo ya kweli kati ya 16 na 24, na je niuze au nikae?

Mama wa madera, Kongowea

—

Marahaba mwanangu,

Kwanza nikupe pole ya kweli, kwa sababu elfu 83 ni pesa, na pesa ya chama ina jasho la wanawake wengi ndani yake. Na haya ya kuuliza mara ya pili usiwe nayo tena, swali ulilomezea siku ile lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyoulizwa yule jamaa mwaka ule.

Tuanze na tuktuk. Jirani yako ana tuktuk, ukitoa petroli, fundi, bima na ujira wa dereva inamwachia laki moja safi kwa mwaka. Anataka kuiuza laki nne. Ukimpa hizo laki nne umenunua faida ya miaka minne, basi PE ya ile tuktuk ni 4. Hiyo ndo PE, bei gawanya kwa faida ya mwaka. Kwa hisa unachukua bei ya hisa moja unagawa kwa faida ya hisa moja, na hiyo faida kwa kila hisa kampuni yenyewe huiandika kwenye ripoti yake ya mwaka, mstari wa chini kabisa kwenye hesabu ya mapato. Safaricom ina hisa bilioni 40 na kidogo, na idadi hiyo karibu haijabadilika tangu iingie sokoni, kwa hiyo hesabu yake ni rahisi kuliko ya kampuni nyingi.

Sasa akitokea mwengine anakuambia tuktuk yake inaingiza laki moja hiyo hiyo lakini anaiuza laki ishirini na nne, utamcheka. Utamuuliza ina nini? Kama hana jibu unaondoka. Lakini kama anakuonyesha kwamba mwaka juzi ilikuwa inaingiza elfu thelathini, mwaka jana elfu sitini, mwaka huu laki, na njia anayopita inajengwa nyumba kila siku, hapo utakaa chini ufikirie. PE kubwa ni ahadi kwamba faida itakua. Haikwambii kampuni ni nzuri wala mbaya, inakwambia wanunuzi wa siku hiyo wamekubali kulipia miaka mingapi mbele. Yule jamaa alikuambia nusu ya maneno, imani ilikuwepo kweli, ila wewe ndo ulikuwa unailipia ile imani na hakukwambia ilikuwa ghali kiasi gani.

Hebu twende na Safaricom tangu mwanzo uone, maana hapa ndo nilikaa jioni nzima na karatasi.

2008 serikali iliuza hisa bilioni 10, robo ya kampuni, kwa shilingi 5. Wakumbuka zile foleni, watu walikopa benki ili wanunue. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2008 ilikuwa kama bilioni 13.8, gawa kwa hisa bilioni 40 unapata senti 35 kwa hisa. 5 gawa kwa 0.35 ni PE ya 14. Tarehe 9 Juni ikaanza kuuzwa sokoni, ikapanda mpaka ikapita 7, yaani PE imeruka juu ya 20 na faida haijaongezeka hata senti. Halafu ikaja ile misukosuko ya fedha ya dunia nzima, faida ya mwaka uliofuata ikashuka mpaka bilioni 10.5, na bei ikaanguka chini ya 3. Waliokopa waliumia kweli kweli.

Ikalala miaka. Katikati ya 2012 hisa ilikuwa shilingi tatu na senti, faida senti 32 hivi, PE kama 10 au 11. Hakuna aliyeitaka, kulikuwa na vita vya bei za kupiga simu na watu walishaichoka.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kati ya 2012 na 2014 faida ikapanda kutoka bilioni 12.6 mpaka bilioni 23, kwa sababu M-Pesa ilikuwa imeshaingia kila duka na watu wameanza kununua bando. Bei katikati ya 2014 ilikuwa 12 na nusu hivi, faida kwa hisa senti 57, kwa hiyo PE ni 22. Inakaribia kabisa ile yako ya 24! Na aliyenunua 2014 kwa PE hiyo ya 22 alifanya vizuri, maana faida haikusimama, senti 80 mwaka wa 2015, senti 95 mwaka wa 2016, shilingi 1.21 mwaka wa 2017, shilingi 1.38 mwaka wa 2018. Mwisho wa 2018, mwaka ambao soko zima la Nairobi lilikuwa vibaya, hisa ilikuwa karibu 22. Piga hesabu, 22 gawa kwa 1.38 ni PE ya 16. PE imeshuka kutoka 22 mpaka 16 na mwenye hisa pesa yake imekaribia kuwa mara mbili, bila kuhesabu magawio, lile fungu la faida ambalo kampuni huwalipa wenye hisa. PE ilishuka kwa sababu faida, ile namba ya chini, ilikua, wala si kwa sababu bei, ile namba ya juu, ilianguka.

Ndo maana mtu akikwambia PE imeshuka au imepanda, kabla hujajibu kitu muulize, ni bei imetembea au ni faida? Hilo swali moja lingekuokoa na mengi mwanangu.

Yako sasa. Agosti 2021 umenunua kwa 41.50, mwezi ule ule hisa ikafika kwenye 44, kilele ambacho haikuwahi kufika kabla. Ripoti mpya wakati ule ilikuwa ya mwaka ulioishia Machi 2021, faida kwa hisa shilingi 1.71. Gawa, unapata 24, jamaa hakukudanganya kwa namba. Lakini angekuonyesha na ya mwaka wa nyuma yake, ilikuwa 1.84. Faida ilikuwa IMESHUKA. Ule ulikuwa mwaka wa korona, na Benki Kuu ilikuwa imeondoa ada ya kutuma M-Pesa ndogo ndogo, zile za mpaka shilingi elfu moja, kuanzia Machi mpaka Desemba 2020, kwa hiyo kulikuwa na sababu na wengi waliamini itarudi. Pia Mei 2021 Safaricom na wenzake walikuwa wamepata leseni ya kuingia Ethiopia kwa dola milioni 850, nchi ya watu zaidi ya milioni mia moja, kila mtu akaona M-Pesa ya pili inakuja. Nawaelewa waliovutika. Mi mwenyewe nilivutika na ile habari. Ila kufungua kampuni ya simu nchi mpya ni minara, mitambo, jenereta na wafanyakazi miaka mingi kabla ya kuona faida, na hiyo ilijulikana siku ile ile ya leseni. Kwa hiyo 2014 watu walilipa 22 kwa faida ambayo tayari inakimbia, na 2021 wakalipa 24 kwa faida iliyorudi nyuma na safari ndefu ya gharama mbele yake. Namba karibu moja, hali mbili tofauti kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo halihusu kampuni hata kidogo, na hili ndo lilikula pesa yako zaidi. Hebu igeuze PE kichwa chini. Faida 1.71 kwa bei 41.50 ni kama asilimia 4. Yaani kila mia uliyoweka, kampuni inakupatia shilingi nne za faida kwa mwaka. Wakati ule dhamana za serikali za siku 91, yaani unaikopesha serikali kwa siku hizo inakulipa riba, zilikuwa zinatoa karibu asilimia 7, kwa hiyo mtu alikuwa radhi kupokea 4 ya Safaricom akitegemea itakua. Sawa. Lakini ikafika 2022 Marekani ikaanza kupandisha riba, kutoka karibu na sifuri mpaka ikapita asilimia 5 mwaka wa 2023, wazungu waliokuwa wameweka pesa Nairobi wakaanza kuuza warudishe pesa zao kwao, na Safaricom ndo walikuwa nayo kwa wingi kwa sababu wakati ule peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko letu zima. Shilingi nayo ikaporomoka mpaka Januari 2024 dola moja ikafika kwenye 160. Riba za hapa zikapanda, mwisho wa 2023 zile dhamana za siku 91 zilikuwa karibu asilimia 16, na Februari 2024 serikali ikatoa bondi ya miundombinu ya zaidi ya asilimia 18 tena haikatwi kodi. Sasa niambie wewe, serikali inakupa 18 umelala nyumbani, utakubali kuchukua asilimia 4 ya hisa? Hukubali. Utasema nataka angalau 11. Na ili ile faida iwe asilimia 11 ya bei, bei lazima ianguke. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2023 ilikuwa shilingi 1.55 kwa hisa, gawa 1.55 kwa 14 utaiona hiyo 11 hapo, na gawa 14 kwa 1.55 utaiona ile PE ya 9 aliyokutajia jamaa.

Tazama ilivyo ajabu. Bei ilishuka kutoka 41.50 mpaka 14, theluthi mbili imekwenda. Faida kwa hisa ilishuka kutoka 1.71 mpaka 1.55, hata sehemu moja ya kumi haifiki! Biashara yenyewe ilikuwa inaendelea, wewe mwenyewe ulikuwa unapokea malipo ya madera kwa simu kila siku. Kilichoanguka ni idadi ya miaka ambayo watu wako tayari kuilipia. Na kupanda nako ni hivyo hivyo, kutoka 14 mpaka 28 bei imekuwa mara mbili, lakini faida imetoka 1.55 mpaka 1.74 tu. Benki Kuu ilianza kupunguza riba Agosti 2024, dhamana za siku 91 zikarudi karibu asilimia 8 mwaka wa 2025, watu wakarudi kwenye hisa.

Haya, apu zako mbili. Hapa nakupongeza mwanangu, maana wengi wangeangalia moja wakalala.

Ripoti ya mwaka ulioishia Machi 2025, ambayo ndo ya mwaka kamili wa mwisho iliyotoka kabla ya barua yako, ina faida mbili. Moja ni ya kundi zima, yaani Safaricom pamoja na kampuni yake ya Ethiopia, karibu bilioni 45.8. Ya pili ni ile inayowahusu wenye hisa wa Safaricom, karibu bilioni 69.8. Utashangaa, vipi ya wenye hisa iwe kubwa kuliko ya kundi zima? Ni kwa sababu ya Ethiopia. Ile kampuni ya kule bado inapata hasara, na Safaricom ina zaidi kidogo ya nusu yake tu, iliyobaki ni ya washirika wengine. Kwenye hesabu ya kundi zima wanakata hasara YOTE ya Ethiopia, hata ile sehemu ambayo ni ya washirika. Halafu mstari wa chini yake wanaigawa, hasara ya washirika inabaki kwa washirika, na wewe mwenye hisa unabaki na yako. Ni kama wewe na wifi yako mmefungua kibanda cha pili Likoni nusu kwa nusu na kinakula hasara ya elfu kumi, hasara yako wewe ni elfu tano, hata kama daftari la kibanda linaonyesha kumi.

Kwa hiyo bilioni 69.8 gawa kwa hisa bilioni 40 unapata 1.74, na 28 gawa kwa 1.74 ni 16. Apu ya pili imechukua bilioni 45.8, ikapata shilingi 1.14, ndo ikakuletea 24 na kitu. Ya kwako wewe mwenye hisa ni ile 16. Na ndani ya hiyo 1.74 tayari fungu letu la hasara ya Ethiopia limeshakatwa, ikiwemo mwaka ambao birr, pesa ya Ethiopia, iliachiwa kuelea, yaani soko ndo lipange bei yake, Julai 2024, ikapoteza thamani vibaya na madeni ya vifaa yaliyokuwa kwa dola yakafura. Biashara ya Kenya peke yake inapata zaidi ya hiyo. Kwa hiyo anayelipa 16 leo analipia vitu viwili, Kenya inayozalisha na Ethiopia inayokula, na anategemea siku moja Ethiopia iache kula.

Usiilinganishe pia na kila kitu unachokiona kwenye apu. Ile mwisho wa 2023 ambapo Safaricom ilikuwa 9, KCB na Equity zote zilikuwa chini ya 5, na hiyo haimaanishi ni mbovu kama alivyokuambia jamaa, benki zina hofu zake, mikopo isiyolipwa na kadhalika, na watu huzipa PE ndogo. Simu linganisha na simu. Ila hata hapo angalia, Vodacom Tanzania iliingia soko la Dar es Salaam 2017 kwa shilingi 850 za kule, halafu mwaka ulioishia Machi 2021 ikapata hasara. Kampuni ikiwa na hasara PE haipo kabisa, huwezi kugawa kwa kitu ambacho hakipo, na ikianza kutoka kwenye hasara ikapata faida kidogo PE yake itakuja ya kutisha, mia na zaidi, na wala haimaanishi kitu. Kampuni za simu zina miaka kama hiyo, wakijenga mtandao mpya faida inafinywa, PE inavimba yenyewe.

Sasa niuze au nikae. Hapa nitasema ninavyoona mimi, uamuzi ni wako na baba watoto.

Kaka yako anakupenda lakini hiyo 41.50 ni namba yako wewe, hakuna mtu mwengine sokoni anayeijua. Tuiulize kwa PE. Ili hisa ifike 41.50 na faida ikiwa hii hii 1.74, PE lazima irudi 24, yaani watu wawe na ile furaha ya 2021. Au PE ibaki 16 kama sasa, na faida ifike kama shilingi 2.60 kwa hisa. Unaamini ipi? Mimi ya kwanza siitegemei. Ya pili inawezekana, hasara ya Ethiopia ikipungua miaka inayokuja faida inaweza kusogea huko, lakini ni miaka, si miezi, na hakuna wa kukuhakikishia. Kwa hiyo kusema sigusi mpaka 41.50 ni kumfungia binti yako ada kwenye jambo ambalo huna mkono nalo.

Na usisahau magawio, kwenye barua yako hukuyataja kabisa! Tangu ununue umepata 1.39 ya mwaka wa 2022, 1.20 ya 2023, 1.20 ya 2024 na 1.20 ya 2025. Jumla ni shilingi 4.99 kwa hisa, mara 2,000 ni 9,980, ukitoa kodi ya asilimia 5 zimebaki karibu 9,480. Angalia meseji zako za M-Pesa au akaunti yako ya benki kama ziliingia zote, na kama hazikuingia mwulize dalali wako akuonyeshe jina na namba ziko sawa kwa msajili wa hisa, hizo ni haki yako na watu wengi wameziacha huko bila kujua. Kwa hiyo leo una hisa za elfu 56, na elfu tisa na kitu zilishakuja. Bado uko chini, sikufichi, kama elfu 17 na nusu, lakini si zile elfu 55 ulizokuwa unalilia siku ya mteja wa dera.

Mume wako naye namwelewa, presha ya miaka minne ndani ya nyumba si mchezo. Ila kuuza zote kwa sababu tu zimekuchosha, na kampuni iko kwenye 16, katikati ya 9 na 24 ilizopitia, mi sioni haraka iko wapi. Siyo bei chee kama mwisho wa 2023, na siyo ghali kama uliponunua.

Nnavyoona mimi, hisa 1,000 kwa bei ya leo ni elfu 28, ukitoa ada ya dalali binti anapata ada, sare na godoro lake na haukopi kwa mtu. Hizo uza, na uza mapema usingoje Januari, kwa sababu pesa yenye tarehe haifai kukaa kwenye hisa hata PE ingekuwa 3. Hizo 1,000 zilobaki ziache, na chukua daftari lako la madeni ya wateja, ukurasa wa nyuma kabisa, chora mistari mitatu, bei, faida kwa hisa ya wenye hisa wa kampuni mama, na PE. Anza na 2021 mpaka sasa kwa namba nilizokupa hapa. Novemba Safaricom hutoa hesabu za nusu mwaka, usiende kwenye namba ya kwanza watakayoitangaza redioni, tafuta mistari miwili, hasara ya Ethiopia imepungua au imeongezeka, na faida inayowahusu wenye hisa. Ziandike. Kisha niandikie tena, nitakaa nawe tuzipige pamoja, na safari hii uliza mara ya pili na ya tatu.

Msalimie binti, mwambie shangazi anamwombea skuli njema.

Shangazi yako